Baiskeli za Jioni, Barabara ya Kwihara

Wadogo zangu wa kitengo mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi na mnavijua. Mshahara pia nitauruka. Nitaandika juu ya kuhesabu watu wanaokwenda kwa miguu na kwa baiskeli, kazi iliyonifikisha hadi kustaafu, na juu ya jambo moja ambalo sijalielewa mpaka leo. Mwenye kutaka majibu asome ripoti zetu. Zile zina majibu mengi kuliko maswali tuliyouliza.

Mimi ni mzaliwa wa Nzega. Tabora mjini nilikuja kusoma, nikabaki. Chuo kilikuwa kimefungua ofisi ndogo ya utafiti, chumba kimoja chenye meza mbili na feni iliyozunguka kwa kusitasita, na tangazo lilisema wanatafutwa wadadisi wa "usafiri endelevu". Kwenye usaili wakaniuliza maana yake. Nikasema ni usafiri usiokatikia njiani. Wakatazamana, wakaandika kitu kwenye karatasi zao, wiki iliyofuata wakanipigia simu nianze. Mpaka leo sijui kama nilipata lile swali au nililikosa.

Siku ya kwanza nilipangwa na Mzee Ramadhani. Alikuwa mtu wa mjini, mwembamba, aliyehesabu magari barabarani kabla hata chuo hakijafikiria habari za baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama miguuni. "Viatu hivyo vitakuua saa nne," alisema. Vikaniua saa tatu na nusu.

Alinifundisha mambo ambayo hayakuandikwa popote. Uandike kwa penseli, maana kalamu ya wino inalia jasho likidondoka kwenye karatasi. Uende chooni kabla hujakaa. Uchore vijiti vinne, cha tano ukilaze, na usijaribu kukumbuka idadi kichwani hata kama unajiona hodari. Kiti ukiweke mahali ambapo watu hawatadhani wewe ni mgambo, kwa sababu wakidhani hivyo watageuza njia na utakuwa umehesabu woga.

Tulikaa kwenye barabara itokayo Kwihara kuingia mjini. Fomu ilikuwa na safu nne: watembea kwa miguu, baiskeli, pikipiki, mengineyo. Nikadhani kazi ni nyepesi. Robo saa haikupita, akaja mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, yeye mwenyewe haonekani, inaonekana miguu tu.

"Huyu, mzee, namwandika wapi?" nikauliza.

"Anaendesha au anasukuma?"

"Anasukuma."

"Basi ni mtembea kwa miguu."

"Na baiskeli yake?"

"Ni mzigo."

Nikaandika. Nyuma yake akaja kijana anasukuma baiskeli, juu yake amekaa mama mgonjwa amefunikwa khanga, anapelekwa hospitali. Nikamtazama Mzee Ramadhani. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Wale watu walikuwa wameshatupita.

"Waandike pembeni," alisema.

Jioni fomu yangu ilikuwa na maandishi mengi zaidi pembeni kuliko ndani ya safu. Kuna mama aliyebeba mtoto mgongoni, sikujua ni mtembea mmoja au wawili. Kuna pikipiki iliyobeba baiskeli. Kuna mtu aliyepita mara tano akitafuta mbuzi wake. Mzee Ramadhani aliichukua fomu bila kunikemea, akasema nitazoea. Sikuzoea, nilijifunza tu kuandika herufi ndogo.

Baadaye walinihamishia kwenye madodoso, na huko nako nikapotea zaidi. Dodoso liliandikwa mbali, likatafsiriwa, likatufikia likiwa limechoka. Nakumbuka bibi mmoja Goweko, anatoka shambani na jembe begani, tumbaku imemwachia vidole vyeusi. Nikamsomea swali la kwanza.

"Bibi, kwa kawaida unatumia usafiri gani?"

"Situmii usafiri, mjukuu wangu. Natembea."

"Kutembea ndiyo usafiri wenyewe, bibi."

Akasimama, akageuka kutazama njia aliyotoka, kama mtu anayehakikisha. "Tangu lini?"

Nikashusha macho kwenye fomu. Swali la pili liliuliza kama anatembea kwa hiari yake. Akanijibu kwa Kinyamwezi jambo refu ambalo mwenzangu aliyekuwa akitafsiri alikataa kulitafsiri. La tatu liliuliza dakika. Akasema si mbali. Nikabembeleza: dakika ngapi? Akasema si mbali, ila siku ya mzigo ni mbali. Fomu ilitaka namba moja. Niliiweka, na sitawaambia niliitoa wapi, lakini ninyi nanyi mmefanya kazi hii.

Vikaja vishikwambi, penseli zikafungiwa kabatini. Ikaja kamera juu ya nguzo, tukaambiwa sasa mashine itahesabu yenyewe. Mwezi wa kwanza ilihesabu baiskeli zenye mkaa kuwa bajaji, na kundi la mbuzi likaingia kwenye safu ya watembea kwa miguu. Ng'ombe iliwakataa kabisa, sijui kwa nini. Nguzo ikaangushwa na lori na hatukusimamisha nyingine. Penseli zikatolewa kabatini. Wakati huo Mzee Ramadhani alikuwa ameshastaafu, na kiti chake, cha kusimamia wadadisi, nilikikalia mimi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Ilitoka habari kwamba barabara ya Kwihara itapanuliwa, na waliopanga walitaka kujua kama ijengwe njia ya baiskeli kandokando yake, na pana kiasi gani. Chuo kikapewa kazi ya kuhesabu na kuwasomea watu wa huko dodoso. Aliyeongoza utafiti alikuwa Dokta Temba, mhadhiri aliyekuja kutoka Dar es Salaam, mtu mwema na mwenye haraka. Tulikuwa na wiki moja ya kuhesabu. Asubuhi nilimpanga dada mmoja mzoefu. Jioni, kuanzia saa tisa hadi jua linapozama, nilimpanga Maganga.

Maganga alikuwa kijana mtu mzima, ameoa karibuni, mwenyeji wa Goweko. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi sote na hakupenda maneno mengi. Nilimpenda kwa hilo. Wiki ilipoisha nikaweka fomu za asubuhi na za jioni mezani, zikanichanganya. Asubuhi baiskeli zilimiminika kuingia mjini: mkaa, maziwa, viazi, kuni. Jioni, kwenye fomu za Maganga, zilizorudi zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, siku zote saba.

Dokta Temba alizitazama akiwa amesimama. "Dada Kabula, baiskeli iliyoingia mjini lazima itoke. Mji haumezi baiskeli."

"Labda wanalala mjini, Dokta."

"Wauza maziwa wote? Kila siku?"

Nikamwita Maganga. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono katikati ya magoti.

"Maganga, jioni ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, dada."

"Siku zote?"

"Dada, baiskeli hazikupita. Mimi niandike nini?"

Nilikwenda kumuuliza mama mmoja aliyeuza maandazi karibu na kituo chetu. Akasema Jumatatu alimwona. Siku nyingine hakumbuki, mara nyingine alifunga mapema. Jibu hilo lingeweza kuwa la upande wowote. Nikapitia pia kwa Mzee Ramadhani, nyumbani kwake, nikamweleza yote nikitegemea atafuta miwani na kuniambia. Hakuigusa miwani. "Sijui," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja na kila mmoja wenu anakijua: kuchukua kiti na kwenda kukaa pale jioni moja. Sikwenda. Ripoti ilikuwa inasubiriwa, gari la Dokta lilikuwa linaondoka kesho yake, na hesabu ilionekana wazi kiasi kwamba kwenda kuangalia kulionekana kama upumbavu. Kinachoingia hutoka. Nikaandika barua kwamba takwimu za jioni haziaminiki na mdadisi inaonekana hakuwa kituoni. Nikasaini. Maganga akaondolewa, na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya watu ambao chuo hakitawachukua tena. Ripoti ikachukua hesabu za asubuhi, ikazigeuza, ikaziita za jioni.

Alipokuja kurudisha ubao wa kubania karatasi hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo zilipita, dada?"

Nikamwambia, "Lazima zilipita." Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Nikasikia baadaye wamehamia Igunga, yeye na mke wake.

Njia ya baiskeli ikajengwa. Ilikuwa nzuri, pana, imechorwa mstari mweupe. Asubuhi ilijaa baiskeli mpaka nikajisikia fahari. Mwaka uliofuata, karibu na kustaafu, nilikwenda msibani Kwihara, na kurudi kwangu jioni pikipiki niliyopanda ikaharibika. Dereva akaniambia nisubiri, nikasubiri kando ya ile njia yetu nzuri. Mama wa nyanya alikuwa amepanga mafungu yake juu ya njia. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye mstari mweupe. Jua lilikuwa linateremka upande wa Kwihara, linapiga usoni. Nilisimama pale muda wa kutosha kuchoka, na baiskeli sikuiona.

Nikakumbuka swali la Maganga.

Kesho yake nilichukua kiti, penseli na fomu ya zamani, nikaenda peke yangu. Na kesho kutwa yake. Na siku iliyofuata. Namba zangu na za Maganga zilikuwa karibu sawa, kama zimeandikwa na mkono mmoja. Siku ya nne sikukaa. Nilitembea nyuma ya nyumba, nikakata mashamba, nikafika kwenye ile njia ya zamani ya misafara, ambayo watalii wanaokwenda kuona tembe, ile nyumba ya udongo ya makumbusho, huonyeshwa kipande chake na kukipiga picha. Mimi niliijua kama kitu cha kuonyesha wageni. Nilipotokeza tu, kengele ikanilia nyuma yangu, nikaruka pembeni. Zilikuwa baiskeli, moja nyuma ya nyingine, magunia matupu yamekunjwa kwenye keria, watu wanaendesha wakizungumza na kucheka.

Nikamsimamisha mzee mmoja muuza mkaa, Baba Shija aliitwa, akashuka kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini hampiti barabarani? Mmejengewa njia."

"Asubuhi tunapita. Una mzigo, huku mchanga, gurudumu linazama. Jioni huna mzigo, huku ni karibu."

Nikashukuru, nikaandika. Mwenzake aliyesimama nyuma akasema si kweli, huku si karibu hata kidogo, ni mbali zaidi, ila jioni ukielekea Kwihara jua linampiga dereva wa lori machoni, hakuoni. Wa tatu akasema huku kuna maji ya kunywa kwa shemeji yake. Mama mmoja mwenye madumu ya maziwa akasema yeye anapita huku kwa sababu wenzake wanapita huku. Nikaandika vyote, na kila kilichofuata kilikipinga kilichotangulia.

"Lakini tulikuja na dodoso," nikasema, nadhani kwa sauti ya kulalamika. "Tuliwauliza mnapita wapi. Mbona hamkusema?"

Baba Shija akafikiri. "Mliuliza tunakwenda mjini kwa njia gani," alisema kwa upole. "Kurudi hamkuuliza."

Nilikwenda ofisini nikalitoa dodoso kabatini. Kweli. Kurasa tano, na hakuna mahali tulipomuuliza mtu anarudije nyumbani.

Nikaandika barua ndefu kwa chuo. Nilisema takwimu za Maganga zilikuwa sahihi, nilizihakiki mwenyewe, na kosa ni langu niliyesaini bila kwenda kuona. Sikutegemea jibu. Lakini Dokta Temba, haraka yake ile ile safari hii ikatumika vizuri, akalifuatilia, na kabla sijakabidhi ofisi ikaja barua yenye mhuri. Ilisema Bwana Maganga hakuwa na kosa, chuo kinamwomba radhi, na jina lake limefutwa kwenye ile orodha. Nikaomba niipeleke kwa mkono.

Nilipanda basi la asubuhi hadi Nzega, nikabadilisha, nikafika Igunga mchana jua likiwa kali. Haikuwa kazi kumpata. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli na pikipiki karibu na barabara kuu, malori yanapita mbele yake yakielekea Mwanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, gurudumu mapajani, anakaza spoku moja moja na kulizungusha kuona kama limenyooka. Alinitambua mara moja.

"Shikamoo, dada Kabula."

"Marahaba, Maganga. Habari za siku?"

"Nzuri. Karibu kiti."

Nikakaa. Nikamwambia yote: njia ya zamani, mchanga, jua, fomu zangu na zake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ndani ya basi na bado maneno yalitoka bila mpangilio. Nikasema nimekuja kuomba msamaha, na nimeleta barua. Nikamkabidhi. Alifuta mikono kwenye suruali, akaisoma taratibu, akaikunja kama ilivyokuwa. Gurudumu lilikuwa bado mapajani.

"Dada," alisema, "namba zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa. Karibu zote."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu aliyeambiwa habari za ajabu za mji mwingine. Halafu akasogeza kigoda karibu na kusema kwa sauti ya chini.

"Mimi nilikaa Jumatatu tu."

Sikumwelewa. Nikamwomba arudie.

"Jumatatu nilikaa mpaka jua likazama. Hakuna kitu. Mbuzi tu na pikipiki. Jumanne nikaenda, nikakaa saa moja, nikaona ni yale yale. Mama alikuwa anaumwa Goweko. Nikaenda kumuuguza. Hizo siku nyingine nilizijaza nyumbani, kitandani kwake, nikiangalia ile ya Jumatatu. Hapa napunguza moja, hapa naongeza mbili, ionekane ni siku tofauti."

"Kwa hiyo hukuwepo."

"Sikuwepo, dada. Uliandika kweli."

Nilikuwa nimemfukuza mtu kwa kosa ambalo alilifanya, nikitumia ushahidi ambao ulikuwa wa uongo, baiskeli ambazo hazikupita. Yeye alikuwa ameghushi namba ambazo zilikuwa za kweli. Mimi nilikuwa nimejibebesha lawama ya kumsingizia, na sikuwa nimemsingizia. Barua iliyosema hakuwa na kosa ilikuwa na mhuri, na niliiomba mimi. Nilijaribu kulipanga hili kwenye safu kama fomu, nikakosa safu.

"Mbona hukuniambia siku ile?" nikauliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba sikuwepo, lakini hazikupita?"

Kabla sijajibu, mke wake akatoka nyuma ya kibanda na beseni la mchele aliokuwa akiupepeta. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti. Nilipomsalimia na kujitaja jina, uso wake ukakunjamana. Alijua mimi ni nani. Kisha akaiona barua mkononi mwa mumewe, na mhuri.

"Ni nini hiyo?"

Maganga akanyoosha mkono. Akampa. Aliisoma amesimama, midomo inatembea, na alipofika katikati akaweka beseni chini.

"Nilisema!" alisema. "Nilisema mimi! Kaka zangu walisema nimeolewa na mwizi wa karatasi, nikawaambia huyu mume wangu hawezi. Nikaacha kwenda kwao. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," Maganga alijibu, macho kwenye gurudumu.

Akapiga vigelegele pale pale, malori yanapita. Majirani wakaanza kutokeza: fundi cherehani wa kibanda cha pili, wanawake wawili waliokuwa wakinunua dagaa, mzee mmoja na fimbo yake ya kuchungia. Akanikumbatia, mimi niliyeisaini ile barua ya kwanza, akaniambia Mungu anibariki kwa kuwa mtu wa haki, na kwamba siondoki bila kula. Nilimtazama Maganga juu ya bega la mke wake. Alinitazama naye. Hakunikonyeza, hakunisihi. Alikuwa ananisubiri tu, kama alivyonisubiri siku ile ofisini, mikono katikati ya magoti.

"Dada," mke wa Maganga alisema, akinirudishia barua na kunivuta mbele ya watu, "wewe ndiye umesoma vizuri. Hebu wasomee hawa. Pale waliposema hakuwa na kosa."

Nikaichukua. Karatasi ilikuwa imepata alama ya grisi pembeni, ya kidole cha Maganga. Watu wakasogea. Nikatafuta ule mstari, nikausoma.

"Kwa sauti, dada," alisema. "Yule mzee hasikii."

Nikausoma tena kwa sauti.